Je, Tutengeneze Kitu Ambacho Hatutaondoka Nacho?

 

Katika toleo hili tunataka tutazame pamoja swali ambalo limesumbua watu wengi kati yetu. Swali lenyewe ni hili: mtu anayeishi mahali kwa muda, ambaye kila siku anaomba apate kuondoka, je, ana wajibu wa kutengeneza vizuri kitu ambacho hataondoka nacho? Au inatosha kukifunga kwa waya kisogee mpaka siku yake ya safari?

Wengine watasema swali hili ni dogo. Lakini swali hili lilitujia kwa njia ya mashine ya kusaga, na mashine ya kusaga si jambo dogo. Katika Kumbukumbu la Torati 24:6 Mungu aliwakataza Waisraeli wasichukue jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani, kwa maana anayechukua jiwe hilo amechukua uhai wa mtu. Basi palipo na jiwe la kusagia pana uhai.

Mashine na viungo vyake

Ili tuelewane, kwanza tueleze jinsi mashine ilivyo. Ndani ya mashine ya kusaga kuna mhimili wa chuma, ndio shafti. Juu ya shafti zinaning'inia nyundo ndogo nyingi, na shafti inapozunguka kwa kasi nyundo hizo hunyooka na kupiga mahindi mpaka yawe unga wa kupita kwenye chekecheo. Ile mashine ya kufyekea majani inayofungwa nyuma ya trekta ina umbo lile lile, ila yenyewe hupiga nyasi badala ya punje.

Shafti haiwezi kuzunguka juu ya chuma kitupu. Inakaa juu ya beringi mbili, moja kila upande, ambazo wengi wetu tumezoea kuziita kwa Kifaransa roulement. Ndani ya beringi kuna vigololi vinavyobingirika katika grisi. Mwisho wa shafti kuna puli, gurudumu lenye mifereji, na mkanda unatoka kwenye injini kuja kuivuta puli hiyo.

Beringi iliyo karibu na puli ndiyo huchoka mapema, kwa kuwa ndiyo inayobeba mvuto wa mkanda. Dalili zake zinajulikana. Inalia kama inasaga mchanga, inapata joto mpaka huwezi kuweka kiganja juu yake, na ukizima injini na kuutikisa mhimili kwa mkono unausikia unacheza. Ikiachwa hivyo siku nyingi, inaweza kukwama kabisa, na shafti ikazunguka ndani yake na kulika. Hapo gharama si ya beringi tena, ni ya shafti nzima.

Shauri lilivyotokea

Mashine inayohusika iko hapa Mahama, wilaya ya Kirehe. Ilitolewa zamani na wafadhili kwa kikundi, kwa sharti kwamba kikundi kikiondoka ibaki kwa wanaokaa hapa. Wanaoitumia ni Warundi waliofika tangu mwaka 2015, Wakongo waliokuja baadaye, na pia majirani zetu Wanyarwanda. Ilipoanza kulia, kamati ilikusanya fedha za kununua beringi mbili, na ndugu wawili wakatumwa.

Barabara ya kutoka kwetu kwenda Kigali hupita Kirehe, Kayonza na Rwamagana, kisha unafika Kabuga, kwenye mlango wa mashariki wa mji wa Kigali, katika wilaya ya Gasabo. Huko ndugu walimpata fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma. Walikuwa wamechukua shafti pamoja na puli yake ili wasikosee kipimo. Namba ya beringi imechongwa juu yake, na tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata upana wa tundu kwa milimita. Yetu iliishia na 06, kwa hiyo shafti yake ni ya milimita 30.

Fundi hakuanza na beringi. Aliiweka shafti kwenye mashine yake, akaizungusha polepole, kisha akawaambia: “Wazee wangu, beringi hii haikufa yenyewe. Iliuawa.” Akawaonyesha mifereji ya puli. Mkanda wa namna hii hushika kwa mbavu zake, nao haupaswi kugusa chini ya mfereji. Lakini puli yetu ilikuwa imelika, na chini ya mfereji pamekuwa peupe kwa kung'aa, dalili kwamba mkanda ulikuwa umezama mpaka chini. Mkanda ukizama, unateleza. Ukiteleza, mwenye kuendesha mashine anaukaza zaidi. Akiukaza zaidi, beringi inabeba mzigo usio wake, inapata joto, grisi inayeyuka na kutoka, na beringi inakufa. Zaidi ya hayo, tundu la puli lilikuwa limepanuka, kwa hiyo puli yenyewe ilikuwa inayumba.

Akamaliza kwa kusema kwamba angeweza kuweka beringi mpya jioni ile ile na mashine ingesaga kesho. Lakini kwa puli ile, beringi mpya nazo zingekufa upesi.

Ndugu walikuwa na fedha za beringi tu. Wakapiga simu nyumbani, na shauri likaanza.

Hoja za waliosema tusinunue puli

Tunataka kuzieleza hoja hizi kwa haki, kwa maana waliozitoa si watu wabaya, na baadhi yao ni nguzo za kanisa hili.

Hoja ya kwanza ilitoka kwa wale wenye majina kwenye orodha ya kwenda nchi za mbali. Walisema: sisi tuko safarini. Nani anapaka rangi nyumba ya kulala wageni? Tuweke beringi, zitatufikisha, na watakaobaki watanunua puli yao.

Hoja ya pili ilisema mashine si yetu. Siku tukiondoka itabaki kwa wenyeji. Kwa nini maskini amnunulie puli mwenye nchi?

Hoja ya tatu ilikuwa ya mama mmoja mwenye watoto wadogo, na ndiyo iliyotuchoma zaidi. Alisema: “Mtoto wangu hali puli, anakula unga. Mkisubiri fedha ya puli, mimi leo napika nini?” Mama huyu alisema kweli. Sote tunakumbuka wakati mgao ulipokuwa mahindi ya punje, jinsi familia ilivyouza sehemu ya chakula chake ili kulipia kusagiwa sehemu iliyobaki. Tunakumbuka pia mwaka 2021, msaada wa chakula kwa wakimbizi wa Rwanda ulipopunguzwa kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Kwa mtu wa namna hiyo, kungoja kuna bei.

Sasa tuzipime hoja hizi moja moja.

Je, sisi tuko safarini?

Ni kweli tuko safarini. Lakini nani kati yetu anajua urefu wa safari yake? Wenzetu wa Kiziba walifika pale mwaka 1996, na walioingia wakiwa wamebebwa mgongoni leo wana watoto wao. Wenzetu wa Gihembe walikaa Gicumbi tangu mwaka 1997. Na mwezi wa Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, walikuwapo watu waliokwisha kupewa tarehe ya ndege, wengine wamekwisha kugawa vyombo vyao. Wakarudi kuomba sufuria kwa jirani. Mtu aliyetengeneza vitu vyake kwa kipimo cha tarehe ile aliamka akiwa na nyumba ya waya na kamba.

Hilo ni jambo la busara tu, nalo halitoshi. Tuulize zaidi: tuseme tarehe ni ya hakika, na wewe unaondoka Ijumaa. Je, wajibu umekwisha?

Waisraeli waliochukuliwa Babeli waliuliza jambo kama hili. Walikuwapo manabii waliowaambia kwamba wangerudi upesi, wasifungue mizigo. Yeremia aliwaandikia barua yenye maneno tofauti, nayo iko katika sura ya 29. Aliwaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, na wautakie amani mji ule ambao Mungu aliwapeleka, kwa maana amani yao ilikuwa ndani ya amani ya mji huo. Katika sura hiyo hiyo aliwaambia pia kwamba baada ya miaka 70 Mungu angewarudisha. Barua moja ina mambo yote mawili: mtaondoka, na mjenge. Yeremia hakuona kwamba jambo la kwanza linafuta la pili.

Tutazame Gihembe tena. Kambi ile ilifungwa mwaka 2021 kwa sababu ardhi ilikuwa inaporomoka, na watu wakahamishiwa huku kwetu. Kwa miaka 24 walikuwa wametengeneza kuta, milango, vyoo na mifereji ya maji, na vyote wakaviacha. Je, kazi ile ilikuwa bure? Mtoto aliyelala mahali pakavu mwaka 2003 kwa sababu baba yake aliziba paa vizuri, huyo alikua. Leo pengine ni mwimbaji katika kwaya yetu. Paa halipo tena, lakini faida yake inatembea kwa miguu. Kwa hiyo si lazima kitu kiende nasi ndipo kazi yake ihesabiwe.

Je, mashine si yetu?

Hoja ya pili nayo tuipime kwa Maandiko. Katika Kutoka 22:14-15 sheria inatofautisha mambo mawili. Mtu akiazima mnyama wa jirani, na mnyama akaumia au akafa mwenyewe asipokuwapo, aliyeazima atalipa. Lakini kama mnyama alikodishwa, hasara imo ndani ya kodi yake. Sheria hii inaheshimu sana kitu cha kuazima. Kwa kuwa hukulipa kitu, unadaiwa uangalifu zaidi, wala si pungufu. Sisi kwa kawaida yetu tunafikiri kinyume: cha bure tunakitumia ovyo, na cha fedha yetu tunakifunika kwa kitambaa.

Mashine yetu tuliipata bila kuinunua, na watu wengine wanaingoja. Ndiyo hali ya kitu cha kuazima kabisa. Tena nyundo, chekecheo na puli hazikulika kwa kukaa bure. Zililika kwa kusaga mahindi yetu. Unga tulikula sisi, na mifereji ya puli ni hesabu ya unga huo. Basi anayesema “puli ni ya wenyeji” ajiulize ni nani aliyeimaliza.

Hatusemi kwamba mkimbizi abebe peke yake. Wanaosagiwa pale ni wengi, na majirani Wanyarwanda walipoelezwa walitoa sehemu yao bila maneno mengi. Wajibu wa kutengeneza ni wa wote waliokula, kila mtu kwa kadiri alivyokula na alivyo na uwezo.

Je, mama mwenye njaa angoje?

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, maana hoja ya mama yule haijibiwi kwa kumsomea mstari. Mtu aliyeshiba akimwambia mwenye njaa afikirie vizazi vijavyo, anasema neno jema kwa kinywa kibaya.

Tulitambua kwamba kuna mambo mawili yaliyochanganyika. La kwanza ni kama puli inunuliwe. La pili ni nani alipe gharama ya siku za kungoja. Tukisema tungoje, halafu uzito wote wa kungoja ukaangukia nyumba zisizo na akiba, basi tumefanya matengenezo ya haki kwa njia ya dhuluma. Ni kama yule mwenye kukaza mkanda ili mashine isiteleze, naye haoni ni beringi gani inayoumia.

Basi ikaamuliwa hivi. Puli itanunuliwa. Lakini kwa siku zile za kungoja, nyumba zenye watoto wadogo, wagonjwa na wazee zitasagiwa kwanza kwenye mashine nyingine ya mbali. Gharama italipwa na sadaka ya pamoja, na vijana watabeba magunia. Wenye duka na wenye kazi walitoa zaidi. Kungoja kulichukua siku tisa. Zilikuwa siku ngumu, lakini ugumu wake uligawanywa.

Fundi wa Kabuga alikereza tundu la puli mpya likakaa sawa kwenye shafti, akatengeneza na kile kipande cha chuma kinachoizuia isizunguke peke yake. Aliwafundisha ndugu kwamba beringi haigongwi kwa nyundo kwenye pete ya nje, maana pigo linapita kwenye vigololi na kuviumiza. Inasukumwa kwa pete ya ndani, ile inayokaa juu ya shafti. Akawafundisha kunyoosha uzi kutoka puli ya injini hadi puli ya mashine, ili zote mbili ziwe kwenye mstari mmoja. Na akasema mkanda ukazwe wa kutosha tu, kisha ufunikwe. Neno hili la mwisho lilitukumbusha Kumbukumbu la Torati 22:8, ambapo anayejenga nyumba anaagizwa kuweka ukingo darini ili mtu asianguke akafa. Watoto wetu husimama karibu na mashine ile. Kifuniko cha mkanda ni ukingo wetu.

Ardhi inaposogea

Kuna habari moja ya mwanzo wa karne ya 20 inayotusaidia. Katika mji wa Göteborg, nchini Sweden, alikuwapo fundi mmoja kijana aitwaye Sven Wingquist, aliyetunza mashine za kiwanda cha nguo. Kiwanda kilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi. Udongo uliposogea, mihimili mirefu iliyovuta mashine ilipinda kutoka kwenye mstari wake, na beringi zikawa zinakufa kila mara. Mwaka 1907 Wingquist alibuni beringi yenye safu mbili za vigololi, ambayo pete yake ya nje imeviringwa kwa ndani, hata shafti ikiinama kidogo beringi inainama nayo bila kuvunjika. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya SKF, ambayo mafundi wengi wanaijua mpaka leo.

Tunaipenda habari hii kwa sababu sisi pia tumejengwa juu ya ardhi iliyosogea. Wingquist hakusema, “Kwa kuwa udongo hautulii, hakuna haja ya kutengeneza vizuri.” Alisema kwa matendo yake kwamba panapotikisika ndipo panapotaka kiungo kilichofikiriwa zaidi. Maisha yasiyotulia hayatupi ruhusa ya kazi mbovu. Yanataka kazi yenye uangalifu kuliko ya mtu aliye kwao.

Na kama fedha haitoshi kabisa?

Ndugu mmoja aliuliza: je, kama sadaka isingefika, na tukaweka beringi tu, tungekuwa tumetenda dhambi? Tunajibu: hapana. Mungu hamdai mtu asichonacho. Matengenezo ya nusu si uovu, mradi yatangazwe kuwa ni nusu. Ungeandika kwenye ubao wa mashine: “Puli imelika, beringi ni mpya, msikaze mkanda sana, kagueni joto kila siku.” Hapo umemwachia mwenzako deni, lakini umemwachia na hesabu yake.

Uovu unaingia pale mtu anapopaka rangi juu ya puli iliyolika na kumkabidhi mwenzake funguo kwa tabasamu. Huyo amemwibia mtu ambaye hamjui, na siku mashine itakapokufa, lawama itamwangukia asiye na kosa. Tumeona jambo hili katika mashine, katika mahesabu ya vikundi, na hata katika ndoa. Kinacholia ndicho kinachopigwa, na kinachovuta vibaya kinaachwa.

Basi, wapendwa, jibu letu ni ndiyo. Tutengeneze, hata kile ambacho hatutaondoka nacho. Tutengeneze mpaka kwenye chanzo, kwa kadiri ya uwezo wetu. Tugawane gharama ili asiumie aliye dhaifu. Na pale uwezo unapokoma, tuseme ukweli wa hali ya kitu kabla ya kukiacha.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Ni kitu gani cha pamoja katika mtaa wenu (bomba, choo, darasa, njia) ambacho kila mtu anasema si chake? Ni nani walikitumia mpaka kikachoka?

2. Someni Kutoka 22:14-15. Ni vitu gani mlivyo navyo ambavyo ni vya kuazima, na ni vipi vya kukodi?

3. Kama ungeondoka wiki ijayo, ni jambo gani ungepaswa kumweleza yule atakayeingia nyumbani mwako?

4. Katika ugomvi wa karibuni mtaani kwenu, nani alikuwa analia kama beringi? Na je, mliwahi kuikagua puli?